Mupe, toa mukono

Batoto bangu, kama munataka kuficha kintu mu sinema, musizime mashini. Ukizima mashini, kila muntu anaanza kuuliza kuko nini. Acha filimu itembee, kisha weka mukono mbele ya lensi. Mukono karibu na lensi, giza inafunika ukuta yote. Mukono mbali, kivuli inakatika sawa karatasi, unaweza kufunika kichwa ya muntu moja na kumuacha mwenzake. Hii njo kintu ya kwanza yenye nilifundishwa ku kazi, na paka leo sijaona mashini yenye kushinda mukono.

Munaniomba niseme namna tulikuwa tunafanya, mweye benye munapiga mafilimu na simu mu muji: filimu ya bantu kuandamana, ya bantu kuhama, ya bantu kukimbilia inchi ya bengine. Munawaza kama mulianza mweye. Hapana. Mashini yenu iko nyepesi tu, njo tofauti. Yetu bantu babili balikuwa banaibeba, na wa tatu alikuwa anabeba lawama.

Miye sikukuwa mupiga picha. Hata mashini sikukuwa nayo. Miye nilikuwa kinywa. Mu salle, ukumbi ya paroisse, pale mu komini ya Kenya, mutaa ya Lubumbashi, si ile inchi, filimu zilikuwa zinakuya na Kifransa, na Kiingereza, mara ingine na luga yenye hata mupe, padri mwenyewe, hakusikia. Bamama na bazee bataelewa nini? Basi tulikuwa tunashusha sauti ya filimu, na miye ninasimama pembeni ya shuka nyeupe, na fimbo mu mukono, ninaeleza mu Kiswahili: huyu njo mwizi, huyu njo bibi yake, huyu farasi iko na haki kuliko bote. Bantu balikuwa bananiita Kinywa. Wakati Parti, chama moja tu yenye kutawala inchi, ilisema tuache majina ya bazungu, tutafute ya bankambo, babu zetu, bengine baliteseka kutafuta. Miye nilikuwa na yangu tayari.

Shule niliacha mapema. Kusoma ninasoma, lakini polepole, sawa muntu mwenye kutoa miiba mu samaki. Kile ninajua, Kalenga njo alinifundisha. Kalenga alikuwa mwenye mashini. Alitoka Kasenga, kule ku muto ya Luapula, mu ujana yake alikuwa anatengeneza nyavu za bavubi, na vidole vyake vilikuwa virefu, havitulie. Filimu ikikatika, yeye anaiunga bila kuangalia, sawa wavu. Alikuwa anasema: "Filimu ikikatika, usiangalie bantu. Ukibaangalia, batakasirika. Angalia filimu, bataona uko ku kazi." Na miye aliniambia neno moja yenye ninawapa mweye bure: "Kinywa, usiseme kile banaona. Banaona. Sema kile habaone."

Siku za kwanza nilikuwa ninasema sana. Kisha, siku moja, bobini zilichanganyika. Bobini njo gurudumu yenye kuviringa filimu. Filimu ndefu iko na nyingi. Kalenga alikuwa na malaria, aliweka ya mwisho mbele ya ile ya katikati. Basi, mukubwa ya banyang'anyi anakufa, anazikwa, bantu banapiga makofi. Halafu namuona anaingia mu bar, muzima kabisa, anaomba pombe. Salle yote ikageukia kwangu. Ningesema nini? Nilisema: "Bandugu, huyu ni pasa yake. Balizaliwa mapasa, na huyu amekuya kulipisha kisasi." Salle ikapumua. Juma yote ku soko balibishana juu ya ile pasa. Mama moja muuza sombe, majani ya muhogo, alinisimamisha mu njia kuniuliza kama mama ya bale mapasa alikuwa anajua. Nilimujibu kama mama njo alibatuma.

Lakini nilikuwa ninasema juu ya mukono. Ile ilitoka kwa mupe. Mupe moja wa zamani, mbele ya shiye kuanza kazi, alisema kama bantu banabusiana mu filimu, Kalenga aweke mukono. Kalenga alikuwa anaona busu inakuya toka mbali sawa muvubi anaona mvua: muziki inabadilika, muke anainua kidevu, na mukono iko pale tayari. Giza. Na bantu, bote, bazee na batoto, banapiga kelele: "Mupe, toa mukono!" Hata kama mupe eko analala ku nyumba yake. Hata kama mukono iko ya Kalenga. Ilikuwa desturi sasa, bantu balikuwa banakuya kwa ile kelele zaidi kuliko filimu. Mu Kenya yote, kama muntu anaficha mukate yake, mwenzake anamuambia: mupe, toa mukono.

Sasa nasikia munasema, muzee anazunguka. Sizunguke. Mukono iko mu habari.

Ile wakati, kazi ilikuwa shaba. Sirene ikilia, muji yote inaamuka. Muntu mwenye kazi alikuwa na nyumba ya kazi, unga ya kazi, hospitali ya kazi. Na ukipoteza kazi, unapoteza yote siku moja. Na juu ya kazi kulikuwa Parti. Asubui, mbele ya kushika chombo, munacheza na kuimba sifa za Parti. Mukikutana, hata mukiwa bamama ya rozari, delege, mujumbe ya Parti mu quartier, anapashwa kuwa pale.

Delege yetu alikuwa citoyen Kabwe; citoyen njo raia, vile Parti ilitaka tuitane. Muntu munene, abakosti yake, ile koti ya Parti, imepigwa pasi paka inakata, na kila mahali alikuwa anakuya na kiti yake mwenyewe, kiti ya mbao yenye mikono, ju mabanki ya kukalia ya paroisse hakuyaamini. Hakuna muntu mwingine alikaa mu ile kiti. Hakukuwa muntu mubaya, lakini alipenda kusema. Mupeleke ku kilio, atasema. Mupeleke ku arusi, atasema. Walipofungua robinet ya maji pa kona, alisema paka bamama balirudia na ndoo kavu, ju maji ilikatika mbele ya hotuba kuisha. Tulimuchekea, lakini kwa siri. Neno moja yake kwa bakubwa, na muntu alikuwa anapotea.

Mama Kapya alikuwa jirani yangu. Mujane wa mufanyakazi ya mine, alikuwa anauza maharagi ku soko. Mutoto yake moja tu, Ilunga. Ilunga alifika paka université, na siku bastudenti baligoma na basoda balikuya, yeye alikimbia. Alienda Kasenga kwa muyomba yake, Mwansa, ndugu ya Mama Kapya, muvubi. Mwansa alimupandisha mu mutumbwi ya bauza-samaki, baende ng'ambo, Zambia. Kisha, kimya. Na nyuma, habari ikatoka kule kule ku mutoni: mutumbwi moja ilipinduka, kulikuwa bijana ya Lubumbashi ndani. Maiti hakuna. Barua hakuna. Miaka ikapita.

Kwetu munajua: muntu mwenye kufa bila kilio hatulie, anasimama ku mulango. Bakubwa ya jamaa balimusumbua Mama Kapya afanye kilio, amalize. Alikataa. Alikuwa anasema: "Sitalilia muntu mwenye sikuona." Kila mara muntu anakuya kumuambia, Ilunga walimuona Kitwe, Ilunga walimuona Lusaka, anauza viatu, anafundisha shule. Kila mara alifurahi, kila mara ikakuwa bongo, uongo tu. Mwishowe alichoka. Mwansa akatoka Kasenga na vikapu ya samaki ya kukauka, samaki ya kilio. Mwansa alikuwa amekonda kuliko samaki yake. Yeye njo alimupandisha mutoto mu mutumbwi, na kila siku alikuwa anaangalia ile maji. Kilio ikapangwa siku ya posho, njo Jumamosi, ile juma yenye kukuya. Mama Kapya alikuwa amekubali kunyoa kichwa, alama ya mufiwa.

Na njo hapa filimu inaingia.

Kulikuwa binti ya Kenya, Mwadi, baba yake alikuwa anaendesha train. Alienda Bruseli kusoma kazi ya infirmière, ya kuuguza bagonjwa. Kule alikuta bantu betu benye kukimbia: banaosha masahani mu ma-restaurant, banalala kitanda moja kwa zamu, na siku ya kupumzika banatembea mu njia na bibao yenye maandishi, kulalamikia mambo ya huku. Akakopa kamera, akaanza kubapiga. Hakuna kampani, hakuna serikali, hakuna muntu alimutuma. Ile mafilimu yake yalikuwa yanaonyeshwa kule chini ya nyumba, mu masalle ya kanisa, kisha yanawekwa tena mu sanduku. Kama yenu, kabisa.

Kopi moja ilifika Lubumbashi mu mikoba ya masera moja, mutawa, mu kopo ya biskwiti, chini ya vitambaa vyake vya kichwa. Sauti ilikuwa mbali, mu kanda yake, na kanda masera aliiacha Bulaya, ju mu ile sauti bantu banataja majina. Basi filimu ilikuwa bubu. Na masera alikuwa anapita tu. Kesho yake ndeke inamurudisha, na kopo inarudi naye. Mwadi alimuambia: mu Kenya kuko bamama benye batoto yabo beko mu hii filimu. Babaone mara moja.

Asubui ya siku ya mungu, nyuma ya misa, miye na Kalenga tuliipiga ku ukuta ya sakristia, picha kidogo sawa sahani. Tuliona masahani, tuliona theluji, tuliona bantu na bibao. Na katikati ya bibao, Ilunga.

Nilimujua ku mwendo, mbele ya kuona uso. Ilunga alikuwa anakaa banki ya mbele mu sinema yangu, njo alikuwa anapiga kelele kuliko bote, mupe, toa mukono. Nilishika mulango nikimbie kwa Mama Kapya. Kalenga akanishika shati.

"Unaenda kumuambia nini?"

"Namuambia eko muzima."

"Balimuambia vile mara ngapi? Weye uko kinywa, Kinywa. Vinywa vilimuchosha. Muache aone na macho yake. Na yule ndugu yake pia."

Alikuwa na haki. Basi tulialika bamama, ati ni mukutano ya rozari na filimu kidogo ya kufurahisha. Tukafunga madirisha na mablangeti. Mama Kapya alikuya, ju tulimulazimisha. Mwansa akakaa pembeni yake na kofia ku magoti. Hatukubaambia kintu. Kalenga alikuwa anapangusa lensi na kitambaa yake ya laini wakati mulango ilifunguka, na tukaona kiti inaingia. Nyuma ya kiti, citoyen Kabwe.

Akaiweka mbele kabisa, karibu na njia ya taa. Akauliza kama bamama banaonyeshwa filimu bila Parti. Nilimujibu: "Citoyen, tulikuwa tunakungoja weye tu." Masera, pale nyuma, alishika rozari yake sawa muntu mwenye kushika kamba ya ng'ombe.

Kalenga aliniangalia. Mu sanduku tulikuwa na filimu ingine, ya muzungu mwenye kuanguka-anguka, kila muntu aliijua. Tungeweka ile, tungecheka, tungerudia ku nyumba salama. Na kesho kopo inapanda ndeke, na siku ya posho Mama Kapya ananyolewa. Upande ingine, tukiweka ya Mwadi na Kabwe anasoma bibao, ni kazi, ni nyumba, ni gereza, na si ya shiye tu: bamama bale bote. Niliangalia Mama Kapya. Alikuwa anaangalia mikono yake. Nilitikisa kichwa kidogo kwa Kalenga: ndiyo. Akawasha.

Niliinua fimbo. Nikasema hii filimu inaonyesha Bulaya. Theluji ikaanguka ku shuka, nikaeleza ile ni baridi, inaanguka sawa unga ya muhogo. Mama moja akauliza kama ni unga, juya nini hakuna muntu anaiokota. Bantu bakacheka. Kisha masahani. Nikasema bana-Zaïre banafanya kazi kule kwa bidii, angalia sahani namna inangaa, na citoyen Kabwe akatikisa kichwa, akasema muzuri, muzuri. Bamama babili batatu baliacha kucheka. Balikuwa baliona uso yenye banajua. Nikasikia banashikana mikono, mbao ya banki inalia, lakini hakuna alisema neno. Bamama ya Kenya hamubafundishe kunyamaza.

Kisha njia kubwa, bantu bengi banakuya, na kibao ya kwanza inainuka. Mukono ya Kalenga ikaenda. Giza.

Na miye, mara ya kwanza mu kazi yangu, kinywa ikakosa neno. Tulisikia mashini tu. Halafu, kule nyuma, bibi moja muzee kabisa, hakujua kintu, desturi tu ilimushika. Akapiga kelele: "Mupe, toa mukono!"

Salle yote ikapasuka. Kabwe akageukia kwangu.

"Kinywa, banabusiana?"

Sikudanganya, batoto. Nilisema: "Citoyen, kule ni Bulaya."

Kalenga akatoa mukono, bantu banatembea. Kibao ingine, mukono. "Mupe, toa mukono!" Akatoa. Akarudisha. Ile maandamano ilikuwa na bibao sawa shamba ya mahindi. Kabwe alikuwa anavuta kiti yake mbele kidogo kila mara.

"Mu njia? Muchana? Bazee na bijana?"

"Kama unavyoona, citoyen."

"Na ile baridi yote?"

Mama moja akamujibu mu giza: "Njo ju ya baridi, tata."

Tulicheka paka machozi, na ile kicheko ilikuwa nusu woga. Lakini nilijua kile kinakuya. Asubui Kalenga alikuwa ameniambia: pale pa Ilunga mukono haiwezi. Kibao iko ku bega yake, karibu na uso. Ukifunika maneno, unafunika mutoto. Kukata kivuli muzuri, alipashwa kutembea paka katikati ya salle, mbele ya macho ya Kabwe. Na ile kibao, zile zingine zilikuwa Kifransa, ile ilikuwa Kiswahili, herufi kubwa, hata miye niliisoma bila kutoa miiba.

Niliona mukono ya Kalenga inapanda. Niliona Mama Kapya, eko pale, bado hajaona kintu. Na nikasema, kwa nguvu:

"Citoyen Kabwe, bamama banaomba neno ya Parti ju ya hii tabia."

Mu maisha yake hakukataa ile. Akasimama. Akavuta abakosti. Akaenda mbele, akageukia bantu, mugongo yake ku shuka, na taa yote ikamupiga mu macho. Akafumba kidogo, akainua kidole, akasema: "Bamama." Kalenga akashusha mukono.

Na nyuma ya bega ya Parti, Ilunga akatokea.

Alikuwa anakuya polepole, theluji mu ndevu, kibao ku bega sawa muntu mwenye kurudia ku shamba na jembe. Alikuwa anatafuna mukate. Akaikata, akamupa mwenzake nusu, akacheka, na ile pengo ya meno yake ya mbele tukaiona. Kisha nawaza Mwadi alimuambia kintu, ju akasimama, akaangalia mbele moja kwa moja, akaweka mukono ku kifua, akainama kidogo, sawa mutoto wa kwetu anavyosalimia mama yake.

Mama Kapya hakupiga kelele. Aliweka mukono ku goti ya ndugu yake na akaikamata. Mwansa, muvubi mukubwa wa Luapula, alifunika uso na kofia, akaitoa, akaangalia, akafunika tena. Kabwe alikuwa anasema juu ya mila yetu, juu ya heshima ya bankambo. Mama moja akaanza kulia, mwingine akapiga makofi, kule nyuma impundu, vigelegele, ikapanda, namna bamama banapigia arusi. Kabwe akainua sauti. Mara moja aliona bote banaangalia juu ya bega yake, akaanza kugeuza shingo, akairudisha. Akasema "kwa kumaliza." Akaangalia nyuso za bamama. Halafu akaanza tena ku mwanzo, mila yetu, bankambo, heshima. Alisema paka filimu ikaisha, paka shuka ikakuwa nyeupe na mukia ya filimu ikawa inapiga-piga ku mashini. Njo akakaa, na kitambaa akajipangusa jasho.

Alinishika mukono mbele ya bote. Akasema hii njo kazi, munafunika bintu bibaya, Parti itasikia kama salle ya Kenya inalinda mila. Akabeba kiti yake akaenda. Nilikaa chini ku simenti, Kalenga akakaa pembeni yangu, na tukaanza kucheka bila sauti, sawa bantu benye kutoka mu maji. Masera alikuwa anaweka bobini mu kopo na alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Mama Kapya akakuya kusimama mbele yetu. Alisema: "Amefuga ndevu. Baba yake hakukuwa na ndevu." Akasema tena: "Na anagawa mukate." Kisha akageukia ndugu yake.

"Mwansa, samaki yako itaoza?"

"Samaki ya kukauka haioze, yaya," akamujibu dada yake.

"Basi tutaikula."

Siku ya posho hakukuwa kilio. Kulikuwa bukari, ugali yetu, na samaki ya Kasenga na munkoyo ya kunywa, na kwa benye kuuliza, tulisema ni kumushukuru Mungu ju Mwansa alisafiri salama. Yule Mwansa alikula sawa muntu mwenye kutoka ku hospitali. Na kichwa ya Mama Kapya ilikuwa imesukwa, mistari mizuri, bajirani bake babili bamemusuka asubui yote. Citoyen Kabwe alikuya na kiti yake. Alisema neno.

Ilunga alirudia kisha miaka mingi, wakati Parti ilikuwa imekuwa moja kati ya nyingi na kisha si kintu. Mama yake alikuwa bado muzima. Alimuambia kwanza aende kunyoa. Mwadi anapiga picha paka leo, anasema macho yake yamechoka lakini mukono bado. Kalenga tulimuzika, tukamusindikiza na ile kelele yenye munajua. Mupe mupya aliuliza maana yake ni nini, na hakuna aliweza kumueleza.

Inabakia neno moja.

Si zamani sana nilienda Ruashi, ku mwisho ya muji, kuangalia nyumba yenye mutoto yangu anajenga. Kuko njia moja ya vumbi, na mbele ya nyumba isiyoisha, pembeni ya matofali, niliona kiti ya mbao yenye mikono. Mbele ya kumujua muntu, nilijua kiti. Kabwe alikuwa amekonda, abakosti hakuna, sandali tu. Tulisalimiana sawa bazee. Tuliongea juu ya bei ya simenti. Kisha akasema:

"Kinywa, ile hotuba yangu ya siku ile, uliisikia?"

"Niliisikia, mukubwa."

"Ilikuwa mubaya. Miye mwenyewe sikujua ninasema nini." Alipangusa goti yake. "Nilisema mbele ya bantu miaka yote ile. Balilala, balipiga makofi ju ya woga. Hakuna muntu alilia. Na siku ile bamama banalia. Taa ilikuwa mu macho yangu, lakini nyuso zabo niliziona, shuka ilikuwa inazimulika. Habakuwa bananiangalia miye. Nikawaza: nikigeuka, nitaona. Nikiona, napashwa kuripoti. Basi nilirefusha."

Nilitoa kofia yangu.

"Lakini inanikula," akasema. "Ile kintu nyuma yangu. Ilikuwa nini?"

Nikamuambia. Mutoto ya Mama Kapya, muzima, na kibao ku bega.

"Na kibao iliandikwa nini?"

"Iliandikwa: Tunataka kurudia kwetu."

Upepo ilikuwa inapeleka vumbi ya mine mu njia.

"Ile tu?"

"Ile tu, mukubwa."

Akasimama, polepole, na mukono ku mugongo. Akanisukumia ile kiti nikae, na yeye akakaa juu ya matofali.